Mbio Zisizo na Msiba

Kwetu mtu mzima hakimbii ovyo. Mtoto anakimbia, mbuzi anakimbia, na mwizi naye anakimbia kwa sababu zake. Mtu mzima akionekana barabarani asubuhi anakimbia, ujue kuna nyumba inaungua, au kuna mtu amekatwa panga, au kuna mtu amekata roho na hao wanakwenda kuita ndugu. Na ukiwaona hivyo huulizi ukiwa umekaa. Unashika kilicho karibu, unawafuata, maswali utauliza njiani. Nilifundishwa hivyo Nyakasimbi nilikozaliwa, na nilipoolewa huku Kimuli nikakuta ni vilevile. Kwa hiyo wanaonicheka kwa yaliyonipata Jumamosi ile na wacheke, ila wakimaliza waniambie wao wangefanya nini.

Kwanza mjue nilikuwa katika hali gani. Mume wangu Byarugaba anaumwa moyo. Miguu imemvimba, halali chali, analala ameegemea mito, na hospitalini walituambia turudi nyumbani nimtunze. Mtu akishaambiwa hivyo na daktari anaelewa. Mwanetu Jovitus yuko Mwanza na kazi yake. Ndugu zangu wako Nyakasimbi. Hapa Kimuli watu wetu walikuwa majirani, na hao majirani ndio waliokuwa wametutenga.

Mambo yalianza msimu wa senene. Wezi walivunja zizi la Elipidius, jirani yetu wa bondeni, wakachukua ng'ombe, naye akapiga enduru. Enduru ni ule ukelele wa hatari unaopigwa kwa sauti nyembamba. Ukiusikia, hata kama unakula, unaacha tonge. Wote walitoka. Mimi sikutoka. Byarugaba alikuwa amebanwa na pumzi, nimemkalisha kitandani nimemkumbatia kwa nyuma, na ningemwachia angeanguka. Kesho yake akaja Vero. Vero ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, mwanamke mwenye sauti ya kuongoza kwaya na macho ya kuhesabu waliochelewa ibada. Akauliza kama sikusikia. Angeuliza mgonjwa anaendeleaje ningemweleza yote. Lakini aliuliza kama hakimu, na mimi kwa mahakimu ulimi wangu huwa haukai.

"Nilisikia," nikamwambia. "Ng'ombe wa Elipidius ana watu wengi. Byarugaba ana mimi peke yangu."

"Basi abaki na wewe," akasema Vero, akaondoka.

Majirani walitaka nipeleke debe la rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kuomba radhi mbele ya watu. Nikakataa. Niombe radhi kwa kumshika mume wangu asianguke? Tangu siku hiyo salamu zikakatika. Hatukuazimwa jembe, hatukuitwa mkutanoni, wala hakuna mtoto aliyetumwa kwetu kuomba chumvi. Hayo yote niliyaweza, maana nina kichwa kigumu na sina haya kusema hivyo. Lilinishinda moja tu. Aliyetengwa hazikwi na kijiji. Byarugaba akiondoka, nani angechimba? Nani angembeba? Mimi na Jovitus tu, na jeneza halibebwi na watu wawili. Nilikuwa nikimwangalia akisinzia, badala ya kumhurumia ninajikuta nahesabu mabega, halafu najichukia.

Jumamosi hiyo nilikuwa kibanjani nakata majani makavu ya migomba kwa muhoro, kile kisu chetu cha shambani kilichopinda ncha. Ukungu ulikuwa bado haujapanda. Dirisha la Byarugaba linatazama barabarani, na yeye ndiye aliyewasikia wa kwanza.

"Mama Jovitus," akaita. "Watu wanakimbia."

Nikasikiliza. Kweli. Vishindo vya miguu, na si ya mtu mmoja wala wawili, kundi zima, na hakuna anayepiga kelele. Hilo la kukaa kimya ndilo lililonitisha. Watu wakikimbia huku wanalia, pengine bado kuna la kuokoa. Wakikimbia kimya, jambo limeshakuwa.

"Nenda," akasema Byarugaba.

"Na wewe utakaa na nani?"

"Nitakaa na mito yangu. Ukikosa na safari hii, hata mbwa hatakuja kunizika."

Neno hilo la kuzikwa tulikuwa hatujawahi kulitaja ndani ya nyumba ile. Kila mmoja alikuwa akilificha mwenzake asilione.  Nilitoka na kanga yangu ya shambani, kandambili miguuni, muhoro mkononi, nikaingia barabarani.

Niliwakuta wa nyuma wakipita. Wamevaa fulana za njano zinazofanana, na kila mmoja amebandikwa karatasi yenye namba kifuani. Nikajua ni sungusungu, walinzi wa vijiji. Nikasema moyoni, kumbe siku hizi wamepewa sare, na wanahesabiwa ili asiyefika ajulikane. Wanawake nao wamo, jambo ambalo sikuwahi kuliona, lakini mtu akitengwa mambo mengi yanampita.

Tukapita kwa Elipidius. Alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa, hakujisogeza. Tukapita kwa Vero. Alikuwa anafagia uwanja. Hapo nilifanya kusudi: niliunyanyua muhoro juu kabisa, asije akasema kwenye kikao kwamba hakuniona. Vero aliniona. Ufagio ulimponyoka, akaweka mkono mdomoni, akabaki ananitazama. Nilishangaa kwamba wao wanasimama na mimi niliyetengwa ndiye ninayekwenda. Nikawaza labda leo ni zamu ya waliokosa mara iliyopita. Nikakaza mwendo.

Kukaza mwendo kwenyewe nilikuwa sikujui. Mimi nalima kutwa, nabeba mkungu wa ndizi kutoka bondeni bila kupumzika, nikadhani kukimbia ni kutembea kwa haraka kidogo. Kabla ya kona ya kwanza kifua kilikuwa kinawaka, na kandambili zilinishinda nikaziacha kando ya barabara. Wa mwisho kabisa katika lile kundi alikuwa msichana mnene kidogo, amefunga hijabu, ana raba mpya, anahema kuliko mimi. Nikajipanga naye.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Nani amepatwa?"

"Aliyepatwa?" Akajishika ubavu. "Ni mimi, mama. Nina kichomi tangu tulipotoka uwanjani. Ndiyo mara yangu ya kwanza."

Sikuelewa, lakini nilimhurumia. Nikawaza: binti anaumwa ubavu na bado anakwenda, basi aliyepatwa ni ndugu yake wa damu. "Pole, mwanangu," nikamwambia. "Mungu awatie nguvu nyumbani kwenu."

"Asante, mama. Nguvu naihitaji kweli."

Akaniambia anaitwa Nasreen, baba yake ana duka la vitambaa mjini Kayanga. Nikazidi kushangaa. Watu wa Kayanga wameitwa mpaka huku kwetu wilaya ya Kyerwa, basi jambo si dogo.

"Tunakwenda wapi hasa?"

"Njia ya Bugomora. Halafu tunageuka, tunarudi uwanjani."

"Tunageuka tukishafanya nini?"

Akafikiri. "Tukishageuka," akasema.

 Kisha akauangalia mkono wangu. "Samahani, mama, hicho kisu ni cha nini?"

"Cha yeyote tutakayemkuta."

Nasreen akahamia upande wa pili wa barabara. Lakini alikuwa binti wa watu, kwa sababu baada ya muda alirudi akaanza kunielekeza. Nisikaze mabega. Nisinyanyue miguu sana. Nisiende kasi, maana mwalimu wa klabu yao anasema ukiona bado unaweza kuongea, basi unakimbia vizuri. Mimi nikajiuliza, ni balaa gani hili linalofuatwa kwa mwendo wa maongezi? Nyumba ingekuwa imekwisha kuungua na majivu yamepoa.

Mengine yakazidi kunichanganya. Mwanamume mmoja alisimama katikati ya barabara akajipiga picha anacheka. Nikasema huyu hakulelewa. Mbele tukakuta meza, ina maji na ndizi mbivu zilizokatwa, na mama mmoja anagawa. Nikajua ni huduma ya waombolezaji, basi msiba umeshapangwa na tunakaribia. Nilipopokea maji, yule mama akanipigia makofi.

"Hongera," akasema. "Endelea hivyohivyo."

Katika maisha yangu nimepewa pole nyingi nikienda msibani. Hongera ilikuwa ya kwanza. Maji niliyanywa kwa sababu kiu haijui mila.

Hatimaye nikaona watu wanakuja wametuelekea, wale waliotutangulia, wanarudi wakiwa na jasho na furaha. Nikawaangalia mikono. Hakuna aliyebeba mtu, hakuna mwizi aliyefungwa kamba, hakuna hata mwenye tope. Mbele kulikuwa na pipa katikati ya barabara na mtu amesimama na filimbi. Kila aliyefika alilizunguka lile pipa, akarudi alikotoka.

Mimi nilisimama. Nikachungulia ndani ya pipa. Tupu. Nikatazama angani, hakuna moshi. Nikaingia kwenye miti ya kahawa ya watu pale kando, nikafunua majani, nikatafuta.

"Mama, geuka," akasema mwenye filimbi. "Umeshafika."

"Maiti iko wapi?"

 Yule mtu aliutazama muhoro, akamtazama Nasreen. Nasreen akanishika mkono taratibu, akanitoa kwenye mikahawa.

"Mama, hakuna aliyekufa. Hizi ni mbio za afya. Za kujifurahisha tu."

"Afya ya nani?"

"Yetu."

"Kwani mnaumwa?"

"Hapana, mama. Tunakimbia ili tusiumwe."

"Na nyuma hakuna anayewafukuza?"

"Hakuna."

"Na mtu wa mwisho anafanywa nini?"

"Anapigiwa makofi," akasema Nasreen. "Leo ni mimi na wewe."

Nikakaa chini kando ya barabara. Nasreen akaeleza kwamba mbio zilitangazwa kila kijiji, kwenye mikutano na makanisani, watu wasije wakashtuka. Kwenye mkutano sikuitwa. Kanisani sikwenda muda mrefu, nani angebaki na mgonjwa? Kwa hiyo Kimuli nzima ilijua isipokuwa nyumba yangu. Ndipo nikaukumbuka mkono wa Vero mdomoni. Kumbe alikuwa anazuia kicheko. Na mimi nimemnyanyulia muhoro kama mtu aliyeshinda vita.

Nililia, na lilikuwa chozi la hasira. Nilimkasirikia Vero, nikajikasirikia mwenyewe, nikawakasirikia hata hao wanaokimbia wakati hakuna kilichotokea, kana kwamba dunia imewaishia misiba. Nimemwacha mume wangu peke yake ili nionekane, nimeonekana kichekesho. Sasa hata nikienda kuomba radhi na mapipa kumi ya rubisi wataendelea kucheka.

"Nyumbani kwako ni wapi?" Nasreen akauliza.

"Mlipopita. Njia hiihii."

"Basi turudi pamoja. Tukichoka tunatembea, hakuna anayetukataza."

Tukarudi. Nitasema na hili, kwa kuwa ni kweli: palipo na mteremko, miguu ilianza kwenda yenyewe. Kifua kilifunguka, ukungu ulikuwa umepanda, jua linachoma mgongoni, na kwa kitambo kidogo nilisahau nina umri gani na nina shida gani. Nasreen alicheka, nami nikacheka, sijui tulikuwa tunacheka nini. Sikujielewa hata kidogo.

Tulipokata kona ya kwetu nikaona watu.

Walikuwa wamejaa mlangoni pa kibanja changu. Wanaume wameshika majembe na sepetu. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, wengine wana mikungu ya ndizi kichwani, wengine kuni. Wawili waliokuwa ndiyo wanafika walianza kulia kwa sauti, ile sauti isiyohitaji kuulizwa ni ya nini.

Hapo ndipo nilipokimbia. Yale ya mwanzo yote yalikuwa mchezo. Muhoro niliuachia sijui wapi, Nasreen nikamwacha ananiita, na sikusikia kifua wala miguu. Nilichokuwa nacho kichwani ni kwamba amekufa mimi nikizunguka pipa. Amekufa amekaa na mito, ameita na hakuna aliyeitika, na mimi niko barabarani nafundishwa kulegeza mabega. Watu walinipisha. Elipidius alisema kitu, sikukisikia. Nikapita katikati yao mpaka uwanjani.

Byarugaba alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti, mito yake yote mgongoni, bakuli la uji mkononi. Kando yake amepiga magoti Vero, kijiko anacho yeye.

"Umerudi," akasema Byarugaba. "Nani amekufa huko?"

 Nikamshika magoti, nikamshika mikono, ilikuwa ya moto. Nikageuka nikawatazama watu na majembe yao, kisha nikamtazama tena.

"Nimewaambia sijafa," akaendelea. "Elipidius hakuamini mpaka aliponigusa."

Elipidius akaangalia chini. "Tulikuta kimya, mzee. Tukajua ndiyo basi."

"Nilikuwa nimelala. Siku hizi mtu akilala tu anachimbiwa."

Vero aliweka kijiko ndani ya bakuli. Macho yake yalikuwa mekundu, na niligundua kwamba alikuwa amelia kitambo, kabla ya kufika. "Tulikuona unapita," akaniambia. Hakuwa na ile sauti ya hakimu. "Wale tunawajua, walitutangazia. Wewe hakuna aliyekuambia. Nikasema mtu ambaye hajaambiwa, anakimbia na kisu mkononi na kanga ya shamba, huyo hakimbii mbio za watu wa Kayanga. Byarugaba amekwenda, na yeye anakimbilia ndugu zake Nyakasimbi kwa kuwa sisi hawezi kutuita."

"Ulishika mdomo," nikasema. "Nilidhani unacheka."

"Nicheke nini?" akauliza Vero.

 Nikawaangalia mmoja mmoja. Chama kizima kilikuwapo. Walikuwapo hata wale waliokuwa wakivuka barabara wakiniona. Hakuna aliyesubiri debe la rubisi, hakuna aliyeitisha kikao kwanza. Wameona nakimbia, wameacha maziwa na mifagio, wamechukua majembe, wamekuja.

"Wameshabishana kaburi liwe upande gani," akasema Byarugaba. "Huyu anataka karibu na nyumba, yule anataka kwa wazee. Nimewaambia kwa vile wote wapo na mimi nipo, tuyamalize."

Watu walicheka kwa aibu. Mmoja akatua mkungu wake wa ndizi mlangoni, akasema hawezi kurudi nao nyumbani, utapikwa hapahapa. Vero akasimama, akajikung'uta vumbi magotini, akaifungua kanga kiunoni na kuifunga upya kama ya siku zote.

"Kwa hiyo hajafa," akasema.

"Hajafa."

"Basi tutarudi." Akanitazama sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu msimu wa senene. "Siku hiyo usihangaike kukimbia, Mama Jovitus. Piga enduru hapohapo mlangoni. Tutasikia."

Mimi nina jibu kwa kila mtu, hata padri analijua hilo. Siku ile nilifungua kinywa, nikakuta hamna kitu ndani. Nilikaa chini kwenye vumbi miguuni pa mume wangu, nikalia mbele yao wote, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Byarugaba aliniwekea mkono kichwani, akaendelea kumweleza Elipidius kwamba wakichimba upande ule wa mikahawa yetu wasiende ndani sana, kwa sababu chini yake kuna mwamba na watavunja majembe bure.